Silaha za Bakteria na Haki Zako: Maswali ya Wakazi wa Garsen na Tana River

Peptidi za kuua bakteria ni nini?
Peptidi ni kipande kifupi cha protini. Baadhi ya bakteria huzitengeneza ili kuwaua wenzao wanaogombania chakula. Hospitalini si ngeni: kolistini, dawa inayowekwa akiba kwa wagonjwa waliozidiwa, ni peptidi ya bakteria wa udongo.

Mbona hazikuonekana mapema?
Jenomu, yaani maelekezo yote ya urithi ya kiumbe, husomwa kwa kompyuta. Kwa miaka mingi programu ziliruka jeni fupi mno, zikidhaniwa ni herufi zilizojipanga kwa bahati tu, kumbe peptidi nyingi zimo humo. Mwaka 2024 watafiti walitangaza kuwa wamezipekua upya jenomu 87,920 pamoja na maelfu ya sampuli za udongo, maji na matumbo, wakapata peptidi 863,498 zinazokisiwa kuwa na uwezo wa kuua bakteria. Walitengeneza 100 kwa majaribio. 79 zilifanya kazi maabarani.

Basi dawa imepatikana?
Bado. Kinachoua bakteria maabarani chaweza kumdhuru mgonjwa. Kolistini yenyewe huweza kuumiza figo.

Maziwa lala yana bakteria hao. Je, yanatibu kuhara?
Swali hili lina msingi, kwa kuwa nisini, peptidi ya bakteria wa maziwa, hutumika kuhifadhi jibini. Hata hivyo si tiba. Maziwa mabichi ya ng'ombe au ngamia, hata yakichacha, yaweza kubeba bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaompata binadamu kwa homa ya muda mrefu. Yachemshe kwanza, ndipo uyagandishe.

Nimebakiza kapsuli za dawa ya kuua bakteria za mwaka jana. Nizimeze nikihara?
Usizimeze. Mto Tana ukifurika na kipindupindu kikazuka, mgonjwa apewe maji ya ORS mara moja na kupelekwa kituo cha afya. Dawa zinazomezwa kiholela huwapa bakteria usugu, yaani uwezo wa kuishi licha ya dawa.

Mtafiti akija kuchukua udongo wa shamba langu ili kutafuta bakteria?
Mwombe akuonyeshe leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, chini ya kanuni za 2006 kuhusu rasilimali za urithi. Aeleze anachotafuta na mgao wenu iwapo kitaleta faida; una haki ya kukataa. Hofu ya kuibiwa si ya bure: vijidudu vilivyotolewa Ziwa Bogoria mwaka 1992 vilizaa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali, vilivyouzwa ng'ambo, na Shirika la Wanyamapori likaja kudai mgao baadaye sana. Uliza pia jenomu zitahifadhiwa wapi, maana zikishasomwa husafiri kwa intaneti bila kuhitaji udongo tena.