Somo kwa Vyama vya Msingi: Klachi ya Gari la Chama na Fedha za Wanachama



Katika vitabu vya Vyama vya Msingi vyenye magari, kifungu cha "Matengenezo ya Gari" ni mojawapo ya vifungu ambavyo mkaguzi hukisoma kwa makini. Ndani yake neno moja hujirudia kupita kiasi, nalo ni klachi. Klachi imenunuliwa mwezi wa Juni. Imenunuliwa tena mwezi wa Agosti. Na kabla mwaka haujafungwa ipo hati nyingine ya malipo kwa kitu kilekile. Mkutano Mkuu ukiuliza, Meneja humlaumu fundi, fundi humlaumu dereva, dereva huilaumu spea, na mwenye duka huapa kwamba spea ilitoka kwake ikiwa nzima. Mwanachama aliyeleta mazao yake kwa jasho hubaki hana wa kumwuliza.

Shabaha ya somo hili ni kuonyesha kwamba ugomvi wa namna hiyo una dawa. Klachi haifi bila sababu, na kila sababu huacha alama yake. Chama kinachoitafuta sababu kabla ya kununua spea, kisha kikaiandika, hulipa mara moja. Chama kinachonunua spea bila kuuliza hulipa mara tatu.

1. KAZI YA KLACHI

Katika gari la gia za mkono, injini huzunguka wakati wote ikiwa imewashwa, lakini magurudumu hayana budi kusimama, kuondoka, na kubadili mwendo. Klachi ndiyo kiungo kinachounganisha na kutenganisha nguvu ya injini na giaboksi.

Sehemu zake kubwa ni nne. Ya kwanza ni flaiwili, yaani gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini. Ya pili ni klachi pleti, sahani yenye ngozi ya msuguano pande zote mbili. Ya tatu ni presha pleti, ambayo kwa nguvu ya springi huibana klachi pleti kwenye flaiwili ili vyote vizunguke pamoja. Ya nne ni beringi ya klachi. Dereva anapokanyaga, waya au mafuta husukuma uma. Uma husukuma beringi. Beringi huibonyeza springi ya presha pleti. Na klachi pleti huachwa huru.

Klachi pleti imeumbwa ili iishe, kama soli ya kiatu. Ikitunzwa yaweza kuvuka kilometa 100,000. Ikitumiwa vibaya yaweza kuungua kwa siku moja tu, kwa mfano gari lililonasa kwenye tope likilazimishwa kutoka kwa nguvu ya injini.

2. DALILI NA MAANA YAKE

Watu wengi husema "klachi imekufa" kwa kila hitilafu. Kusema hivyo ni sawa na kumwambia mganga "naumwa" bila kutaja mahali. Dalili ni nne, na kila moja ina njia yake.

(a) Klachi inateleza. Injini hunguruma lakini gari haliongezi mwendo, hasa mlimani likiwa na mzigo; pengine husikika harufu ya kuungua. Ili kuhakikisha, simamisha gari mahali tambarare pasipo mtu mbele wala nyuma, vuta breki ya mkono na kukanyaga breki ya mguu, tia gia ya nne, ongeza moto kidogo, kisha achia klachi polepole. Injini ikizimika, klachi bado inashika. Ikiendelea kunguruma, inateleza. Jaribio hili lifanywe mara moja tu, maana kulirudia huiunguza klachi. Kuteleza huweza kuletwa na pleti iliyokwisha, oili iliyomwagikia pleti, presha pleti iliyochoka, au waya uliokazwa mno hata kanyagio likakosa nafasi yake ndogo ya kucheza.

(b) Klachi haikati. Gia huingia kwa shida au kwa kukwaruza, hasa gia ya kurudi nyuma. Hapa chama kisikimbilie kushusha giaboksi. Kwanza tazama chupa ya mafuta ya klachi, silinda ya juu, silinda ya chini na mipira yake. Au kama gari ni la waya, tazama waya. Mafuta yakipungua, au upepo ukiingia katika bomba, kanyagio hulegea na klachi haikati ingawa pleti ni nzima. Mara nyingi dawa ni kubadili mpira na kutoa upepo tu. Mafuta yanayotakiwa kwa kawaida ni yaleyale ya breki, kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Oili ya injini isitiwe kamwe, kwa sababu huvimbisha mipira.

(c) Gari linatetemeka linapoondoka. Huenda pleti imeingiwa na oili, au uso wa flaiwili umepata madoa ya kuungua, au mipira inayoshikilia injini imechakaa. Hili la mwisho halihusu klachi kabisa, na fundi asiyelitazama atabadili klachi nzima huku mtetemo ukibaki palepale.

(d) Kelele. Zikisikika unapokanyaga na kutoweka unapoachia, beringi ya klachi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Zikisikika klachi ikiwa imeachiwa na kutoweka unapokanyaga, elekeza macho kwenye beringi za giaboksi.

3. KWA NINI KLACHI MPYA HUFA MAPEMA

Katika chama kimoja nilichokikagua, vitabu vilionyesha klachi pleti tatu katika msimu mmoja wa pamba. Gari lilikuwa pikapu, na gereji ilikuwa ileile mara zote. Bodi ilikuwa imekwisha kupendekeza dereva aachishwe kazi kwa kuharibu mali ya chama. Niliomba kuona pleti zilizotolewa. Mbili za kwanza zilikuwa zimetupwa. Ya tatu ilikuwa bado ipo stoo. Ngozi yake ilikuwa nene, na vichwa vya ribiti vilikuwa chini sana ya uso wa ngozi, lakini pande zote mbili zilikuwa zimelowa oili nyeusi. Pleti ile haikuwa imekwisha kwa kusuguliwa, wala haikuwa na rangi ya kuungua. Oili sili ya nyuma ya krenkishafti ilikuwa ikivuja na kuimwagia. Kila mara fundi aliposhusha giaboksi alikuwa akiiona sili hiyo mbele ya macho yake, akafunga pleti mpya, akarudisha giaboksi. Sili ilibadilishwa, gari likamaliza msimu, na dereva akabaki kazini.

Mambo mengine yauayo klachi mpya ni haya:

(a) Kubadili pleti peke yake ilhali presha pleti na beringi vimechoka. Kazi kubwa ni kushusha giaboksi. Ikishashushwa, ni hasara kurudisha beringi kuukuu ambayo italazimu ishushwe tena.

(b) Kutosawazisha flaiwili yenye mikwaruzo au madoa ya kuungua. Kazi hii hufanywa na fundi wa kerezo, na kwa kadiri inayoruhusiwa na kitabu cha gari. Baadhi ya magari ya siku hizi, hasa ya dizeli, yana flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani. Hiyo kwa kawaida haikerezwi, bali hupimwa na kubadilishwa ikichoka.

(c) Ufungaji wa haraka. Pleti isipowekwa katikati sawasawa, au giaboksi ikiachwa ining'inie kwenye pleti wakati wa kufunga, pleti hupinda. Grisi ikizidi kwenye meno ya shafti hurukia ngozi ya pleti.

(d) Spea bandia au isiyo ya gari hilo. Kabla ya kufunga, pleti mpya na ya zamani zilinganishwe kwa kipenyo, kwa idadi ya meno ya katikati, na kwa unene. Boksi lihifadhiwe pamoja na stakabadhi. Tume ya Ushindani ndiyo yenye dhamana ya kushughulikia bidhaa bandia nchini Tanzania, lakini malalamiko bila ushahidi ni maneno matupu.

Tahadhari mbili kwa usalama wa watu: mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake bila stendi, na vumbi la klachi lisipulizwe kwa upepo, kwa kuwa ngozi za klachi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo vumbi lake huleta kansa ya mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

4. HESABU YA MFANO

Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia tu. Kila chama kiweke bei za mahali pake.

Tuseme klachi pleti ni Sh. 120,000 na ufundi ni Sh. 100,000. Chama kinachobadili pleti peke yake mara tatu hulipa Sh. 660,000. Tuseme tena kwamba seti nzima ya klachi ni Sh. 350,000, oili sili Sh. 30,000, kusawazisha flaiwili Sh. 40,000, na ufundi Sh. 100,000. Jumla ni Sh. 520,000, nayo hulipwa mara moja.

Hapo bado hatujahesabu gari la kukodi. Ikiwa kila uharibifu huliweka gari gereji siku 4, na gari la kukodi ni Sh. 150,000 kwa siku, uharibifu mara tatu ni Sh. 1,800,000, na mara moja ni Sh. 600,000. Kwa hiyo chama cha kwanza kimetumia Sh. 2,460,000, na cha pili Sh. 1,120,000. Tofauti ya Sh. 1,340,000 imetoka katika mifuko ya wanachama, na hakuna hata mmoja aliyeiiba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

5. MAPATANO NA FUNDI

Manung'uniko mengi dhidi ya gereji hushindikana kwa sababu chama hakina karatasi hata moja. Fundi mwema hatakasirishwa na maandishi. Yatamlinda yeye pia. Kabla ya kazi kuanza, Meneja na fundi watie sahihi Hati ya Kazi yenye mambo haya:

(i) Namba ya gari, tarehe, na kilometa zilizosomwa.
(ii) Dalili kama dereva alivyozieleza, na jaribio lililofanywa.
(iii) Sehemu zitakazobadilishwa, na nani atazinunua.
(iv) Kwamba giaboksi ikishushwa, Meneja au mjumbe wa Bodi ataitwa kuona flaiwili, oili sili ya krenkishafti na ya giaboksi, na pleti iliyotolewa, kabla ya sehemu mpya kufungwa.
(v) Kwamba vitu vya zamani ni mali ya chama na vitarudishwa.
(vi) Bei ya ufundi, na muda ambao fundi atairudia kazi bila malipo endapo kosa ni la ufungaji.

Jambo la nne ndilo kubwa kuliko yote. Saa moja ya mjumbe kusimama gereji yaweza kuokoa msimu mzima. Pleti ya zamani ni shahidi. Ikiwa ngozi imeisha hadi karibu na ribiti, imemaliza umri wake. Kwa magari mengi ya Toyota kikomo ni ribiti kubaki milimita 0.3 chini ya uso. Ikiwa imelowa, kuna mvujo. Ikiwa imeungua rangi ya samawati na kunuka ilhali ngozi bado ipo, chunguza uendeshaji na uzito wa mizigo.

6. WAJIBU WA DEREVA NA WA CHAMA

Dereva asiweke mguu juu ya kanyagio wakati hana haja nalo. Asilizuie gari mlimani kwa kubalansi klachi. Breki ya mkono imewekwa kwa kazi hiyo. Aondoke kwa gia ya kwanza, hata kama gari ni tupu. Baada ya klachi mpya kufungwa, aendeshe kwa upole kwa kilometa mia chache za mwanzo ili nyuso zizoeane.

Lakini chama nacho kina wajibu. Bodi inayoamuru marobota yapakiwe kupita uwezo wa gari haina haki ya kumkata dereva mshahara klachi inapoungua. Na dereva aliyeripoti harufu ya kuungua siku ya Jumatatu, akaambiwa amalize wiki, apewe nakala ya ripoti yake.

Yote haya yaingizwe katika Daftari la Gari: tarehe, kilometa, dalili, kilichofanywa, jina la spea, na malipo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na klachi ni mali.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Gari la chama chenu limebadilishwa klachi mara ngapi tangu linunuliwe, na kila mara lilikuwa limekwenda kilometa ngapi? Kama hamwezi kujibu, ni kitabu gani kinakosekana?

2. Gia ya kurudi nyuma inakwaruza, na fundi anataka kushusha giaboksi leo. Mtamtaka atazame mambo gani kwanza?

3. Pleti imetolewa ikiwa imelowa oili, ngozi yake ingali nene. Je, ni haki dereva alipe? Toeni sababu.

4. Andikeni Hati ya Kazi ya chama chenu kwa kufuata fungu la 5, na iwasilishwe kwa Bodi kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa.

Katibu aandike majibu katika kitabu cha kumbukumbu za mikutano. Mkaguzi atakapofika ataomba kukiona, pamoja na pleti ya zamani.