Deni la Onesimo: Nani Atasimama Katikati?

SOMO LA KIKUNDI
Soma kwanza: Waraka wa Paulo kwa Filemoni (wote, sura moja, mistari 25)
Muda: saa moja



Katika kikundi kimoja tunachokitembelea, mweka hazina alichukua shilingi 14,000 za mradi wa mbuzi, akaenda mjini, akakaa huko karibu miaka miwili. Halafu siku moja ya mkutano tukamwona amesimama mlangoni. Akasema, "Nimerudi. Nimekwisha kuungama kwa padre. Lakini pesa sina."

Jamani, palikuwa na kelele! Wengine walisema, "Kama ameungama, basi yaishe." Mama mmoja akauliza, "Na mbuzi wetu, nao wameungama?"

Sisi wa ofisi ya maendeleo tulikuwepo, na siku hiyo tulikosea. Tuliwaambia wanachama wasamehe kwa sababu ni Wakristo, tukafunga kwa sala, tukaenda zetu. Mwezi uliofuata tulikuta watu saba tu kati ya kumi na wanane. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Watu waliacha tu kuleta akiba. Ndipo tukaurudia waraka huu mfupi na kuusoma polepole.

WARAKA UNAELEZA NINI?

Paulo ni mzee, na yuko kifungoni kwa ajili ya Injili. Anamwandikia Filemoni, Mkristo mwenye nyumba ambamo waamini walikusanyika. Onesimo alikuwa mtumwa wa Filemoni. Wawili hao walitengana, na huko alikokuwa Onesimo akakutana na Paulo, akawa Mkristo. Sasa Paulo anamrudisha. Waraka kwa Wakolosai unamtaja Onesimo kuwa mtu wa kwao, yaani wa Kolosai, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki.

Jina Onesimo maana yake ni "mwenye kufaa". Paulo analichezea jina hilo: anasema kwamba zamani mtu huyu hakumfaa Filemoni, lakini sasa anawafaa wote wawili.

Tuwe waangalifu hapa. Mwanachama mwenye deni si mtumwa wetu, na utumwa ni uovu. Paulo mwenyewe anaomba Onesimo apokewe kama ndugu mpendwa, si kama mtumwa tena. Tunachotafuta katika somo hili ni jinsi deni lilivyoshughulikiwa kati ya ndugu.

WATU WATATU WANAOPASWA KUBADILIKA

1. Aliyekosa. Onesimo anarudi mwenyewe. Hakutuma salamu kwa mtu mwingine, wala hakukaa mbali akingoja watu wasahau. Toba yake ilikuwa na safari ndani yake.

2. Aliyekosewa. Paulo anasema angeweza kumwamuru Filemoni, lakini anapenda kumwomba, ili wema wake utoke moyoni. Tena angalieni: waraka haukuandikiwa Filemoni peke yake. Wametajwa Apia, Arkipo na kanisa lote la nyumbani mwake. Neno hili lilikuwa mbele ya wote. Nasi pia mambo ya pesa za kikundi tuyaseme mkutanoni, si kwa kunong'onezana njiani tukienda kisimani.

3. Anayesimama katikati. Huyu ndiye tuliyemsahau. Paulo hasemi, "Hakuna deni." Anasema kwamba kama Onesimo amemkosea Filemoni au anadaiwa, deni hilo aandikiwe yeye Paulo. Anathibitisha kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Fikirini: mfungwa anajitolea kuwa mdhamini! Paulo alijua kwamba dawa ya deni ni kulipa, na kwamba ndugu aliyeanguka hawezi kuubeba mzigo wote peke yake.

KIKUNDI KILIFANYA NINI?

Tulirudi, tukasoma waraka pamoja nao. Palikuwa kimya. Halafu nyanya mmoja akasema, "Huyu ni mtoto wa jirani yangu, nimemwona akizaliwa. Niandikieni mimi elfu mbili." Wengine wawili wakachukua elfu moja moja. Zikabaki 10,000, naye akakubali kulipa shilingi 500 kila mwezi kwa miezi ishirini. Yote yakaandikwa kwenye daftari, kila mmoja akatia sahihi au kidole.

Hadi tulipofika mara ya mwisho, alikuwa amelipa miezi saba. Anakaa mkutanoni na wenzake, anasalimiwa, zamu yake ya kuchunga mbuzi anaifanya. Lakini hakurudishiwa kazi ya hazina. Sanduku sasa lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mtu anaweza kusamehewa leo, na bado akahitaji muda ili aaminiwe na pesa. Wanachama kumi na watano sasa wanahudhuria. Watatu hawajarudi, na kikundi kinaendelea kuwatembelea.

MASWALI YA MJADALA

1. Je, katika kikundi chetu kuna mtu ambaye ameacha kuja kwa sababu ya deni? Nani amekwenda kumwona?
2. Tukisema "tumesamehe", huwa tunamaanisha nini? Daftari linaonyesha hivyo?
3. Ni nani kati yetu anaweza kusimama katikati kama Paulo, na kwa kiasi gani asichoumiza watoto wake?
4. Funguo za sanduku letu ziko kwa nani?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano ujao, chagueni watu wawili wamtembelee mwanachama mmoja mwenye deni. Wasiende kumdai. Waende kumsikiliza, kisha walete mkutanoni mpango ambao yeye mwenyewe ameukubali.

Fungeni kwa sala ya pamoja. Lakini kabla ya sala, fungueni daftari.