Kusoma Picha za CT: Kompyuta Mpakato au Kompyuta yenye Kadi ya Michoro?

Mkwezi wa minazi anapoanguka shambani Pangani na kuumia kichwa, safari yake aghalabu huishia Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo jijini Tanga. Akifika huku angali anazungumza, analalamikia kichwa tu, ndugu zake huona kwamba hatari imekwisha kupita. Daktari hana uhakika huo. Anataka kujua kama ipo damu inayovia kati ya fuvu na ubongo, na jibu limo katika picha za CT ambazo lazima zisomwe kwenye kompyuta fulani. Kamati za ununuzi za hospitali hukutana na swali hilo kwa sura ya fedha: je, kompyuta mpakato ya kawaida inatosha, au inunuliwe kompyuta ya mezani yenye kadi ya michoro ya kujitegemea?

Katika kompyuta mpakato nyingi, sehemu inayochora picha imo ndani ya kichakataji kikuu, na hukopa kumbukumbu ya kompyuta yenyewe. Kadi ya kujitegemea ina kichakataji chake na kumbukumbu yake. Mpakato yenye vijiti viwili vya kumbukumbu aina ya DDR4-3200 huweza kupitisha takriban gigabaiti 51 kwa sekunde. Kadi ndogo ya kitaalamu kama NVIDIA RTX A2000, iliyotolewa mwaka 2021, hupitisha gigabaiti 288, ilhali hutumia umeme wa wati 70 tu. (Mpakato yenye kijiti kimoja hupitisha nusu ya kiasi chake. Kabla ya kuilaumu kwa uzito, ni vema fundi akaifungua na kutazama.)

Tofauti hiyo ni kubwa, lakini mzigo wenyewe ni upi? Kipande kimoja cha CT huwa na pikseli 512 kwa 512, na kila pikseli huchukua baiti mbili. Jumla ni nusu megabaiti. Kichwa kilichopigwa vipande 160 ni megabaiti 80. Kuvipitia kimoja baada ya kingine, kuvikuza na kubadili weusi na weupe wake ni kazi ambayo mpakato ya leo huimudu bila taabu. Kwa swali la mkwezi wetu, basi, kadi ya gharama haiongezi chochote.

Kinachoweza kumponza ni kioo. Picha ya CT hubeba viwango 4,096 vya kijivu, ilhali kioo cha kawaida huonyesha 256 kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo msomaji huchagua sehemu ya viwango atakayoitazama, na wataalamu huiita dirisha. Katika dirisha finyu la ubongo, utando mwembamba wa damu uliolala kando ya fuvu huweza kumezwa na weupe wa mfupa. Dirisha lipanuliwe ndipo utando ujitenge. Mwongozo wa wataalamu wa radiolojia wa Marekani hutaka kioo cha kusomea kiwe na mwangaza usiopungua kandela 350 kwa mita ya mraba. Vioo vingi vya mpakato za bei nafuu havifiki hapo, na jua la pwani linaloingia dirishani huvidhoofisha zaidi. Hospitali yenye fedha kidogo ingefanya busara kununua kwanza kioo cha kitabibu kinachopimwa mara kwa mara, na pazia zito.

Kadi ya kujitegemea hupata kazi yake pale picha ya pande tatu inapohitajika, kwa mfano nyonga iliyovunjika vipande katika ajali ya bodaboda, ambapo daktari wa mifupa hutaka kuizungusha kabla ya kushika kisu. Kioo cha pikseli 1,920 kwa 1,080 kina pikseli zaidi ya milioni mbili. Kompyuta ikisoma nukta 300 ndani ya mwili kwa kila pikseli, mzunguko mmoja mdogo huhitaji usomaji zaidi ya milioni 600, na ili picha izunguke bila kukwama kazi hiyo hurudiwa takriban mara 30 kila sekunde. Hapo mpakato husitasita na feni yake huvuma. Kadi za kitaalamu pia huendesha vioo kadhaa vyenye pikseli nyingi, na baadhi yake hurekebisha zenyewe makosa ya kumbukumbu.

Akili unde imeongeza hoja nyingine. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kusoma picha za kifua katika uchunguzi wa kifua kikuu kwa wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Kuifundisha programu kama hiyo ni kazi ya kadi zenye nguvu. Kuitumia kwa picha moja moja ni mzigo mwepesi zaidi, na vigezo vya mtengenezaji visomwe kabla ya kununua.

Chumba nacho kihesabiwe. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, navyo hula viunganishi vya shaba. Vumbi likiziba feni, kadi hupunguza kasi yake ili isiungue. Umeme unapokatika, mpakato huendelea kwa betri yake, lakini kompyuta ya mezani huzimika papo hapo isipokuwa ina kifaa cha kuhifadhi umeme.

Mgonjwa anayepelekwa hospitali nyingine aombe picha zake katika CD, pamoja na ripoti. Picha ya kioo iliyopigwa kwa simu ina dirisha moja tu, lile lililokuwa wazi wakati huo, na daktari anayeipokea hawezi kulipanua.