Prosesa ndogo na prosesa ya seva: ipi inatufaa?



Prosesa ndiyo inayofanya hesabu kuu ndani ya kompyuta. Kikundi chenu kikitafuta kompyuta, na muuzaji akakuambia "chukua ya seva, ina nguvu zaidi", usikimbilie kulipa. Linganisha kwanza.

1. Intel Celeron G4900 (2018): ni ya kompyuta ya mezani ya bei nafuu. Ina viini 2, yaani sehemu 2 zinazofanya kazi pamoja, kwa kasi ya gigahetzi 3.1. Imepangiwa wati 54.

2. AMD EPYC 7742 (2019): ni ya seva, yaani kompyuta inayohudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Ina viini 64. Kasi yake ya kawaida ni gigahetzi 2.25, na hupanda hadi 3.4. Imepangiwa wati 225.

Zilipotoka, ya kwanza iliuzwa dola 42, ya pili karibu dola 7,000.

Fikiria kituo cha maji. Mabomba 64 humaliza foleni ndefu upesi. Lakini ukifika peke yako na ndoo moja, utatumia bomba moja tu. Vivyo hivyo, mtu mmoja anayejaza orodha ya chanjo hahitaji viini 64. Tena, umeme wa sola ukiwa mdogo, prosesa kubwa itamaliza betri mapema.

Basi jiulizeni: Watu wangapi wataitumia kwa pamoja? Umeme wetu unatosha?

Pesa itakayobaki nunueni diski ya kuhifadhi nakala. Orodha ya chanjo ikipotea, mtoto anaweza kukosa dozi yake.