Ukija Goma, Tazama Chini

Orodha za maeneo ya asili yenye hatari kubwa duniani haziukosi mlima Nyiragongo. Picha huwa ileile: kreta inawaka usiku, mtalii kasimama ukingoni, na maneno mawili matatu kwamba chini kuna mji uitwao Goma. Orodha hizo zinaniudhi, maana zinamfundisha mgeni kuogopa kilicho mbali naye. Kreta iko kilomita zipatazo 20 kaskazini ya mji. Kinachoweza kumuua mgeni usiku wake wa kwanza kiko kwenye kibonde nyuma ya nyumba aliyopanga, hakina rangi wala harufu, na orodha hizo hazikitaji.

Kabla ya hayo, vita. Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa waasi wa M23, na serikali nyingi zinawashauri raia wao wasifike. Anayetafuta likizo asije sasa. Nawaandikia wale ambao watakuja tu, kwa sababu ya ndugu, msiba, biashara au kazi.

Mpakani na mfukoni

Mji ulipotekwa, uwanja wa ndege ulifungwa, kwa hiyo njia ya wengi ni Kigali. Basi la kwenda Rubavu, ambayo watu wa Goma bado wanaiita Gisenyi, huchukua saa tatu hadi nne, kisha unavuka mpaka kwa miguu kuingia Kongo. Mwenye pasipoti na apitie Grande Barrière, kando ya ziwa. Petite Barrière ni njia ya wachuuzi wenye nyanya, kuku na vikapu vya karoti, na mwenye mabegi atawazuia njia na kupoteza vitu vyake. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi, si ndani ya sanduku. Ukiambiwa kina kasoro na ulipie, omba risiti kwa utulivu. Mara nyingi kasoro huisha hapohapo. Saa za kuvuka na masharti ya visa hubadilika kufuatana na hali ya vita, hivyo muulize aliyevuka wiki hii. Na asiye na sare wala meza usimpe pasipoti yako, hata akikuita ndugu.

Dola ya Marekani ndiyo inayolipa chumba na mafuta. Faranga za Kongo zinalipa motari, yaani teksi ya pikipiki, na mboga. Hapa ndipo wageni wanapoumizwa. Dola yenye mpasuko mdogo pembeni hukataliwa na kila mtu, hata iwe ya mia, ilhali faranga iliyochakaa mpaka maandishi yamefifia inapokelewa bila neno. Wabadilishaji wajanja wanalijua hilo na huchomeka noti mbovu katikati ya bunda. Zitazame moja moja kwenye mwanga, hesabu mwenyewe, na ukishamaliza usimrudishie bunda eti alihakikishe. Benki zilifunga milango mji ulipotekwa, kwa hiyo safari yako isitegemee kadi. Njoo na noti mpya, nyingi ziwe ndogo.

Chumba nacho kina mtego wake. Katika nyumba moja ya wageni nililipishwa nyongeza nzito kwa sababu dirisha lilitazama volkano, na mlima ukakaa ndani ya wingu siku zote nilizolala pale. Wakati wa mvua hiyo ndiyo hali yake ya kawaida. Nyongeza hiyo ilipe kwa chumba cha ghorofani, hata kikitazama ukuta.

Mazuku

Sababu ya ghorofa ni hii. Ardhi ya Goma na Sake ina nyufa zinazopitisha kaboni dioksidi kutoka chini ya volkano. Hewa hiyo ni nzito kuliko tunayovuta, hivyo hutuama kwenye mashimo, mabonde na mapango ya lava, hasa upande wa magharibi: Keshero, Bulengo, mpaka Sake. Mahali inapotuama ndipo wenyeji huita mazuku. Mchana jua na upepo huitawanya. Usiku uliotulia hujaa, na alfajiri ndipo huwa mbaya kuliko wakati wote. Watoto na mbuzi hutangulia kuanguka kwa sababu vichwa vyao viko karibu na ardhi.

Bulengo, mzee mmoja alinionyesha kibonde kisichozidi upana wa chumba. Majani yalikuwa mabichi na mazuri. Katikati yake mijusi wawili wamekufa, na kando kuna ndege mdogo aliyekunja mbawa. Mzee alichomeka karatasi kwenye ncha ya fimbo, akaiwasha, akaishusha polepole. Ilipofika usawa wa goti lake mwali ulikatika ghafla, na moshi ukatanda bapa juu ya kitu tusichokiona. "Papa, hapa mutoto asicheze," akasema.

Masharti ya mazuku si mengi, lakini hayana mjadala. Usilale chumba kilicho chini ya usawa wa barabara. Usikate njia ya mkato shimoni kabla jua halijapanda, hata kwa kujisaidia. Kibao chenye fuvu la kichwa ukikiona, zunguka. Na mtu akianguka ndani, usishuke kumfuata, maana anayemfuata huanguka juu yake. Piga kelele, tafuta kamba na wenyeji.

Ziwa

Mgeni akisikia kwamba ndani ya Kivu kuna kilomita za ujazo zipatazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, hapati usingizi. Anakumbuka ziwa Nyos la Kameruni, lililotoa gesi usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 na kuua watu zaidi ya 1,700. Kivu ni kubwa kuliko Nyos kupita kiasi, na wataalamu wana haki ya kulichunga. Lakini gesi yake imebanwa kwenye kina kirefu, chini ya matabaka ya maji, na hata lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilipoingia ziwani haikuitibua. Upande wa Rwanda, huko Karongi, mtambo wa KivuWatt unavuta methani hiyo na kuzalisha megawati 26 za umeme. Kwa msafiri hakuna la kufanya juu ya jambo hili, kwa hiyo asilipotezee usingizi.

La kufanya lipo kwenye boti. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakitazama kutoka ufukweni, na makumi walikufa. Ilikuwa imejazwa kupita uwezo wake, kwa sababu vita vilikuwa vimekata barabara ya Sake na wachuuzi hawakuwa na njia nyingine. Chagua meli kubwa ya Bukavu, safiri mchana, na usipande mpaka jaketi la kuokolea limefungwa mwilini mwako. Kuahidiwa kwamba majaketi yamo chini ya viti hakutoshi. Maji ya ziwa usiyanywe bila kuyatibu, hata ukiona mji mzima unachota kwa bidoni za njano. Kipindupindu hakijawahi kuhama hapa.

Mlima ukiamka

Lava ya Nyiragongo ni nyepesi mno, hivyo hukimbia. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa juu lilimwagika kupitia mbavu za mlima kwa muda usiofika saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani na kuacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Tarehe 22 Mei 2021 ilikuja jioni, dalili zilizotangulia zikiwa chache, ikaua watu zaidi ya 30 na kusimama pembeni mwa mji, upande wa Buhene.

Waliokufa wanatufundisha. Mwaka 2002 wengi waliuawa na mlipuko wa kituo cha mafuta. Basi kaa mbali na vituo vya mafuta. Mwaka 2021 wapo waliokufa walipojaribu kuvuka lava iliyoonekana imepoa; nyeusi juu haina maana ya baridi ndani. Lava inapokata mji, kila mtu hubaki upande aliokuwepo, kwa hiyo jua mapema njia mbili kutoka chumbani kwako: mashariki kwenda Gisenyi, magharibi kwenda Sake. Lala na viatu, pasipoti na dola mahali pamoja. Na kila asubuhi uliza kituo cha uchunguzi wa volkano, OVG, kimetangaza rangi gani: kijani, njano, chungwa au nyekundu.

Pa kuacha na pa kwenda

Kreta iache. Iko ndani ya Hifadhi ya Virunga, ambayo imepoteza askari zaidi ya 200 wakiilinda, na anayekunong'oneza kwamba ana njia ya kukupandisha kwa siri anachezea roho yako na ya wengine. Sanamu ya rangi ya dhahabu ya chukudu nayo ni ya kupita tu. Chukudu zenyewe, vyombo vya mbao vya magurudumu mawili vya kubebea mizigo, zinashuka barabarani na magunia ya viazi na makaa, na anayezisukuma anastahili kutazamwa kuliko sanamu yake. Ukitaka picha, muombe kwanza. Wanajeshi, mpaka na uwanja wa ndege usivipige picha kabisa.

Nenda Buhene ukaone ukuta wa lava ulipokomea, na jirani zake waliojenga tena kwa mawe yaleyale yaliyowafukuza. Mjini kuna majengo ambayo ghorofa yao ya kwanza imekuwa ya chini, kwa sababu ya chini imezikwa tangu 2002; mwenye duka akikukaribisha ndani, ingia na ununue kitu. Kula sambaza za kukaangwa kwa bugali na sombe kwa mama wa sokoni, siyo hotelini ambako bei hupanda na samaki wamepoa. Ukihitaji kiongozi, mchukue wa mtaa huohuo na umlipe vizuri, kwani yeye ndiye anayejua ardhi ya pale ilivyo. Na kama mwenyeji wako hawezi kukuonyesha mazuku zilizo karibu na nyumba atakayokulaza, tafuta mwenyeji mwingine kabla jua halijazama.