Nyoka wa Usiku wa Kisiwa cha Clarión
Katika Bahari ya Pasifiki, mbali na pwani ya Meksiko, kiko kisiwa kikavu kiitwacho Clarión. Mwaka 1936 Bwana William Beebe, mtaalamu wa wanyama kutoka Marekani, alimkamata huko nyoka mmoja wa rangi ya kahawia. Wataalamu waliokwenda baadaye hawakumwona, basi ikasemwa kwamba pametokea kosa, na nyoka huyo akafutwa katika orodha za wanyama wa kisiwa. Lakini mwaka 2013 Bwana Daniel Mulcahy na wenzake wa Meksiko, wakifuata maandishi ya Beebe, waliwapata nyoka 11. Nyoka hao hutembea hasa usiku, na rangi yao hufanana na mawe meusi ya volkano. Kumbe Beebe alisema kweli.