Kipimo kiko kifuani, uboho je?

Mwezi wa pili wa BTP, shule ya kata hapa Kibondo, nafundisha mionzi kidato cha nne. Nikajigamba kidogo: wanaanga wanavaa kipimo, kwa hiyo dozi yao inajulikana. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kipimo kiko kifuani. Iliyofika kwenye uboho wanaijuaje?"

Nikasema tutaliangalia kesho. Ukweli, sikuwa na jibu.

Usiku nikasoma. Kumbe wataalamu hutumia mwili wa kompyuta, uliotengenezwa kutokana na picha za CT za watu halisi na kugawanywa vijisanduku vidogo: hiki mfupa, hiki pafu, hiki ini. Mwaka 2009 Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ilitoa miili miwili ya mfano: wa kiume sm 176, kilo 73, wa kike sm 163, kilo 60. Kompyuta huirushia chembe mamilioni, moja moja, kwa kubahatisha, kisha hujumlisha nishati iliyobaki katika kila kiungo. NASA imeweka kikomo cha milisiverti 600 kwa maisha yote ya kazi ya mwanaanga. Bila hesabu ya namna hii huwezi kujua amebakiza ngapi.

Kesho yake, kompyuta hatuna, dadu tunazo. Tukachora mwili kwenye karatasi ya grafu. Mnururisho ukiingia kisanduku, rusha dadu: kwenye nyama ikitoka 1 umekwama, kwenye mfupa, 1 au 2. Usipokwama, songa mbele. Mionzi ya angani ina mambo mengi kuliko hayo, ila wazo ni lile lile. Kwa minururisho 10 kila kundi lilipata jibu lake. Tulipojumlisha ya darasa zima, picha ikaanza kutulia. Wakaelewa kwa nini kompyuta inahitaji mamilioni.

Kengele ilipolia, yule binti akabaki. Bibi yake anapelekwa Mwanza kwa tiba ya mionzi, na nyumbani wanasema itamuunguza mwili mzima. Nikamweleza: katika tiba ya kisasa hesabu hufanywa juu ya picha ya CT ya mgonjwa mwenyewe, ili uvimbe upate dozi kubwa na viungo vya jirani vipate kidogo iwezekanavyo. Madhara yapo, na kupona sikumwahidi. Akaomba ile karatasi ya grafu akamwonyeshe bibi.

Wenzangu mnaokwenda BTP, bebeni dadu.